Queen jukwaani bila Freddie: maswali yenu na majibu yake

Wiki chache zilizopita nilisimulia hapa jinsi nilivyowaona Queen, bendi ya roki ya Uingereza, na mwimbaji Mmarekani Adam Lambert katika ukumbi wa O2, London, mwezi Juni 2022, baada ya kuipenda bendi hiyo tangu utotoni kupitia kanda za kaka yangu. Wasomaji wameuliza mengi, nimechagua matano.

*Msomaji wa Unguja anauliza: Freddie Mercury amefariki na mpiga besi ameacha muziki. Nikitoa pesa yangu leo, ninamwona nani hasa? Je, si kulipia jina tu?*

Hoja yako ni ya haki, nami sitaizunguka. Katika wale wanne waliofahamika duniani, waliobaki jukwaani ni wawili, Brian May mpiga gitaa na Roger Taylor mpiga ngoma, ambao walikuwa wakipiga pamoja hata kabla Freddie hajaungana nao mwaka 1970. Freddie, mwimbaji wao, mzaliwa wa Mji Mkongwe hapo kwenu, alifariki tarehe 24 Novemba 1991, na mpiga besi John Deacon alijitenga na muziki mwishoni mwa miaka ya 1990 na hajarudi. Hata hivyo hakuna anayekuficha jambo hilo, kwa kuwa tangazo lenyewe husomeka Queen + Adam Lambert, na alama ile ya kujumlisha imebeba ukweli wote. Lambert, ambaye aliimba nao kwa mara ya kwanza mwaka 2009 katika fainali ya American Idol, shindano la uimbaji la televisheni ya Marekani, huwaambia watazamaji waziwazi kwamba yeye naye ni mpenzi wa Freddie kama wao, na kwamba hakuja kukalia kiti cha mtu.

Nakiri kwamba niliingia ukumbini nimenuna, kama ndugu wa marehemu aliyealikwa kwenye arusi ya pili ya shemeji yake. Kilichonilainisha ni dakika tano tu, pale May alipoketi peke yake na gitaa lisilo la umeme, akaupiga ule wimbo wa taratibu, Love of My Life, ambao Freddie aliutunga na ukatoka mwaka 1975. Ukumbi mzima uliwasha taa za simu na kuimba, na ilipofika mistari ya mwisho Freddie akatokea kwenye skrini akaimalizia mwenyewe. Mbele yangu alikuwapo mzee wa Kiingereza aliyevaa fulana ya ziara ya zamani, maandishi yake yamepauka hata hayasomeki. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la fulana hiyo, kisha akaishika mkononi mpaka wimbo ukaisha. Kwa hiyo jibu langu ni hili: ukienda kumtafuta Freddie utarudi na deni moyoni, lakini ukienda kuwasikiliza walio hai wakipiga nyimbo walizozitengeneza wenyewe, hukudhulumiwa.

*Msomaji wa Mombasa anauliza: Ni kweli kwamba katika wimbo wao wa Bohemian Rhapsody wanatumia pleibeki, yaani sauti iliyorekodiwa? Kama ni kweli, mbona tunawasuta wasanii wetu kwa jambo hilo hilo?*

Ni kweli kwa sehemu moja tu, ile ya katikati yenye sauti nyingi za kiopera, ambayo ndani yake limo neno "Bismillah" linalotushtua sote tunapolisikia kwa mara ya kwanza. Sehemu hiyo ilitengenezwa studioni mwaka 1975 kwa kurekodi sauti za watu watatu, yaani Freddie, May na Taylor, na kuzirundika moja juu ya nyingine mara nyingi mno, hata ikawa haiwezekani kwa watu wanne kuiimba jukwaani. Hawakujaribu kudanganya. Enzi za Freddie mwenyewe waliondoka jukwaani, taa zikabaki zikicheza na kanda ikisikika, kisha wakarudi kwa kishindo pale gitaa linaponguruma, na hadi leo desturi imebaki ya namna hiyo. Tofauti yake na yule msanii tunayemsuta ni kwamba msanii huyo husimama na kipaza sauti mdomoni akijifanya anaimba. Dawa ya kweli ya sehemu ile ni kwaya, na mwezi Septemba 2025 ilipatikana, May na Taylor walipoungana na okestra na kwaya ya BBC katika ukumbi wa Royal Albert Hall, wimbo ulipokuwa ukitimiza miaka 50.

*Msomaji wa Leicester anauliza: Nataka kumpeleka mama yangu mwenye umri wa miaka 68. Tusimame mbele au tuketi? Na kelele je?*

Ketini, bila mjadala, na mchague viti vya pembeni vya chini badala ya vile vya juu kabisa, ambako ngazi zake ni kama mnazi. Wanaosimama mbele huwahi kufika ili wapate nafasi, halafu tamasha lenyewe huzidi saa mbili, na magoti ya mama si ya kujaribiwa hivyo. Kuhusu kelele, mnunulie vizibo vya masikio, nawe uvae vyako. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanahesabu kwamba sikio linaweza kustahimili desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda huo hupungua kwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100, kiwango ambacho matamasha ya roki hukifikia kwa urahisi, zinabaki dakika 15 tu. Tiketi mzitafute kwa muuzaji rasmi. Mimi nilichelewa nikaangukia kwa mlanguzi wa mtandaoni, nikalipa karibu mara mbili, na aibu ya jambo hilo sijaimaliza.

*Msomaji wa Muscat anauliza: Hawa sasa ni wazee. Mikono bado ipo?*

May alizaliwa Julai 1947 na Taylor Julai 1949, kwa hiyo swali si la utovu wa adabu. Usiku ule wa 2022 mikono ilikuwapo. May hupiga gitaa lile lile alilolianza mwaka 1963 akiwa kijana, yeye na baba yake, kwa vifaa vya kuokoteza: shingo ilichongwa kutoka kwenye ubao wa meko ya zamani uliokuwa umetobolewa na wadudu, springi zilitoka kwenye injini ya pikipiki, na alama za shingoni ni vifungo vya nguo vya mama yake. Badala ya kidonoa nyuzi cha plastiki hutumia sarafu ya zamani ya Kiingereza ya peni sita, na ule ukwaruzo mdogo unaosikika mwanzoni mwa noti zake ndio huo ukingo wa sarafu ukigusa waya. Kwenye skrini kubwa niliuona ukimetameta kati ya vidole vyake.

Septemba 2024 alitangaza kwamba alipata kiharusi kidogo, na kwa siku kadhaa mkono wa kushoto, ule unaobonyeza nyuzi, ukawa haumtii. Alisema kwamba bado anaweza kupiga, na amekwisha kuonekana jukwaani tangu hapo. Wakitangaza ziara karibu nawe, usiseme utangoja ijayo.

*Msomaji wa Tanga anauliza: Sisi tusio na viza wala nauli, tuanzie wapi?*

Anzia Montreal, Kanada. Matamasha yao ya huko ya usiku wa tarehe 24 na 25 Novemba 1981 yalipigwa filamu kwa ustadi, na mwaka 2024 filamu hiyo ilirudishwa katika kumbi za sinema. Naipendelea kuliko ile ya tamasha lao la Wembley, London, la 1986, ingawa Wembley ina uwanja mkubwa na umati zaidi, kwa sababu Montreal wako wanne tu, hakuna mpiga kinanda wa kusaidia nyuma yao, hivyo Freddie akinyanyuka kwenye piano, piano inanyamaza na utasikia Deacon na May wakiliziba pengo lile. Ukifika kwenye Bohemian Rhapsody, tazama jukwaa linavyobaki tupu pale katikati, kisha umwandikie yule msomaji wa Mombasa.