Nilimjua kwa Sikio Kabla ya Jina

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni mwigizaji yupi ambaye watu wengi wamemsikia lakini hawamjui kwa jina? Mimi namtaja Verna Felton wa Marekani.

Watoto wa dada yangu walikuwa wakitazama Cinderella, katuni ya Disney ya mwaka 1950. Yule bibi wa miujiza anayegeuza boga kuwa gari anaongea taratibu, anasahau fimbo yake ameiweka wapi, sauti imejaa huruma. Kesho yake wakaweka Alice in Wonderland ya 1951. Akatokea Malkia wa Kopa, anafoka, uso umemwiva, kila amuudhiye akatwe kichwa. Nikawaambia watoto wanyamaze kidogo. Pumzi ile niliijua! Wote wawili ni Felton.

Ustadi huo alikuja nao studio. Alizaliwa Salinas, California, mwaka 1890, akapanda jukwaani angali mtoto, akazunguka na vikundi vya maigizo miaka mingi, kisha akaingia redioni. Na redio ni mwalimu mkali kweli. Huna uso wa kukunja wala mkono wa kunyoosha. Uzee, hadhi na hasira vyote utavitoa kwenye pumzi, na pale unapochagua kutua kabla ya neno. Katika kipindi cha mchekeshaji Jack Benny aliigiza mama yake mwimbaji Dennis Day, mama ambaye hata Benny, mwajiri wa mwanawe, hakuthubutu kumkaripia.

Kazi yake inayonigusa kuliko zote imo katika Dumbo, ya 1941. Kiongozi wa tembo wanaomsengenya mtoto mwenye masikio makubwa, yule anayetangaza mbele ya wenzake kwamba huyo si tembo tena, ni sauti ya Felton. Mama yake mtoto, ambaye filamu nzima karibu hasemi kitu isipokuwa kulitaja jina la mwanawe, naye ni Felton. Mtesaji na mteswa, koo moja. Halafu filamu ile haikuandika jina la mwigizaji wa sauti hata mmoja. Hilo linaniuma mpaka leo.

Baadaye alikuwa Shangazi Sarah katika Lady and the Tramp (1955), ambamo mwanawe wa kumzaa, Lee Millar, alitoa sauti ya mwenye mbwa, na mwaka 1959 akawa Flora katika Sleeping Beauty. Televisheni nayo ikamwonyesha sura: alikuwa amevuka miaka 60 alipoanza kumwigiza Hilda Crocker katika December Bride, akateuliwa mara mbili kuwania tuzo ya Emmy. Hakuipata.

Alifariki tarehe 14 Desemba 1966, siku moja kabla ya Walt Disney mwenyewe. The Jungle Book ilitoka mwaka uliofuata, na humo yumo tena, tena kama tembo: Winifred, mke wa Kanali Hathi. Mtoto wa binadamu, Mowgli, amepotea msituni, Kanali hataki kundi lake lihangaike kumtafuta. Winifred anatoka kwenye mstari, anamkabili mumewe mbele ya askari wake wote, na anamgombeza; mwishowe Kanali anakubali kwenda kumtafuta mtoto.