Barua kwa mwanangu: mjukuu wangu aitwe Expósito?

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, mguu wa baba yako umepata nafuu na anakusalimu sana, wewe na mkwe wetu.

Ujumbe wako nimeusoma nikaurudia. Unasema mlikuwa mnapanga majina ya mtoto, ndipo yule bibi jirani yenu akakunong'oneza kwamba Expósito, jina la ukoo wa mkwe wetu, ni jina la watoto wa kutupwa, usije ukamtwisha mwanao. Umeniuliza asili ya jina hilo ni nini, na kama mtoto atakuwa ameanza maisha na aibu.

Unajua kazi niliyostaafia. Miaka yote ile ya ustawi wa jamii niliwaandikisha watoto waliookotwa, na kila nilipopata maandishi juu ya watoto wa namna hiyo kwingineko duniani niliyasoma. Hao wa Hispania nimewasoma zaidi tangu ulipohamia huko kwao. Kwa hiyo nivumilie, nitasema kwa kirefu.

Bibi hakukudanganya kuhusu asili. Jina limetoka katika Kilatini, expositus, yaani aliyewekwa nje. Zamani watoto wachanga waliachwa kwenye milango ya makanisa na hospitali, wengine baridi ikawaua kabla hakujapambazuka. Baadaye zikafunguliwa nyumba za kuwapokea, na ukutani kukatengenezwa kitu wanachokiita torno. Ni kama pipa la mbao lililosimamishwa wima, lenye uwazi upande mmoja, na linazunguka. Mama anafika usiku, anamlaza mtoto ndani, anasukuma. Pipa linageuka, mtoto yuko upande wa ndani wa nyumba, mama bado yuko barabarani. Anapiga kengele anaondoka. Aliye ndani hajamwona uso.

Anayempokea mtoto hufungua daftari. Anaandika siku na saa, nguo alizovaa, na kila alichokuja nacho: utepe, medali ya mtakatifu, kikaratasi. Vikaratasi hivyo vingine vilisema tu kwamba mtoto amebatizwa na jina lake ni fulani. Vingine vilisihi atunzwe vizuri kwa sababu wazazi watarudi kumchukua. Wapo waliokuwa wasichana wasioolewa wanaoogopa ndugu zao, na wapo mume na mke halali ambao mwaka ule hawakuwa na chakula. Mwanangu, mimi nikisoma habari za zile tepe na zile medali sioni mtu aliyetupa mtoto. Anayetupa hamfungi mtoto utepe ili aje amtambue.

Madrid nyumba hiyo iliitwa Inclusa, na ilianza kupokea watoto mwaka 1572. Kwa kuwa wazazi hawakujulikana, jina la ukoo liliandikwa na wenye nyumba, na rahisi kuliko yote lilikuwa Expósito. Nyumba nyingine zilipenda majina ya dini, kama de la Cruz au Santa María. Italia nako ilikuwa hivyohivyo: Napoli waliandika Esposito, Florence wakaandika Innocenti kutokana na nyumba yao ya watoto iliyofunguliwa mwaka 1445.

Sasa sikiliza jambo ambalo yule bibi hakukwambia. Wengi wa watoto wale hawakukua. Maziwa yalikuwa ya kina mama wa kunyonyesha, wengine wakiishi mlemle ndani, wengine vijijini wakilipwa kwa mwezi, na malipo yalipochelewa walioteseka ni watoto. Katika nyumba nyingi, miaka mingi, zaidi ya nusu walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Anayebeba jina hilo leo, kwa kawaida, ametoka kwa mtoto mmoja aliyepita katika hayo yote, akakua, akapata mwenza, akazaa. Hakuwa na mjomba wala shangazi. Ukoo wote wa mkwe wangu umeanzia hapo. Mimi naona fahari kubwa mjukuu wangu kuwa wa mtu huyo.

Na aibu yenyewe, hata mfalme aliikataa. Mwaka 1794 Carlos IV alitoa amri kwamba watoto wasiojulikana wazazi wahesabiwe kuwa halali katika mambo yote ya kiraia, katika Hispania na makoloni yake. Anayewaita haramu au jina jingine la matusi ashtakiwe na alipe. Wakikosa, wasipewe adhabu za fedheha kama viboko. Hoja yake naipenda: wazazi kama hawajulikani, nani anaweza kuapa kwamba mtoto hana heshima? Amri ilikuwa nzuri, midomo ya watu haikufungwa. Kule Madrid neno inclusero, yaani mtoto wa Inclusa, liliendelea kuwa tusi hata karne iliyopita, na pengine bibi yako jirani alisikia watu wakitukanwa kwa neno hilo alipokuwa mdogo. Usimkasirikie. Alikuwa anajaribu kumkinga mwanao.

Kwa sababu ya matusi hayo wengi walilibadili jina. Mwaka 1921 sheria iliwaruhusu kufanya hivyo bila gharama, na sheria ya usajili ya mwaka 1957 nayo ilitoa njia kwa Expósito na majina mengine yanayoonyesha kwamba asili ya mtu haijulikani. Ndiyo maana ukilinganisha na idadi ya watoto waliopitia nyumba zile, wenye jina hilo leo ni wachache. Jina la García peke yake lina watu zaidi ya milioni moja. Expósito halifiki hata karibu. Lakini limebaki, hasa Andalusia, Madrid na visiwa vya Canary, na limevuka bahari hadi Cuba, Puerto Rico na Argentina. Kule Napoli, Esposito limekuwa jina la kawaida kuliko yote, hata hakuna anayegeuka likitajwa. Kaka yako ameniambia yupo mchezaji wa mpira wa miguu, Edu Expósito. Na yule mwigizaji Ester Expósito anajulikana dunia nzima kwa jina hilohilo.

Kwenye kazi yangu nilimpokea mtoto mmoja aliyeokotwa sokoni, alfajiri, ndani ya kapu la mchicha. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la baba. Muuguzi aliyekuwa zamu akasema, "Dada, andika la baba yangu, mzee hatakataa." Tukaandika. Mzee alipopata habari alifunga safari kuja kumwona mjukuu wake, na aliendelea kuja. Huyo mtoto sasa ni fundi umeme. Watoto wale wa Hispania hawakupata wa kuwaazima jina, wakapewa hilo la kuwekwa nje, na wao wenyewe wakaligeuza kuwa jina la familia.

Turudi kwenye lile la kuamua. Huko kwenu mtoto hubeba majina mawili ya ukoo, moja la kila mzazi, kwa hiyo letu halipotei. Tangu mwaka 1999 wazazi wanaweza kuchagua lipi litangulie, na siku hizi la baba halitangulizwi lenyewe. Msajili atataka mkubaliane. Mkishapanga kwa mtoto wa kwanza, wadogo zake watafuata mpango huohuo. Na kumbuka kwamba mara nyingi linalofika kwa wajukuu ni lile la kwanza. La pili huishia njiani.

Mimi nasema Expósito litangulie. Baba yako nimemsomea barua hii naye amekubali. Jina letu lina watu wilaya nzima, halitakufa kwa kukaa nafasi ya pili. Lao wengine wamelikimbia kwa karne nzima.

Jambo moja nakuomba. Mwambie mkwe wangu amuulize bibi yake babu zao walitoka kijiji gani. Waende parokiani waangalie daftari la ubatizo. Pale palipoandikwa "padres no conocidos", wazazi hawajulikani, ndipo ukoo ulipoanzia. Kisha waulize kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo, maana tangu mwaka 1849 nyumba hizo ziliwekwa chini ya majimbo, na madaftari mengi yapo. Wakilipata jina la mtoto huyo wa kwanza, niandikie alikuja na nini. Nataka kujua kama alikuwa na utepe.

Mama yako