Mchanga wa tangi la mimea: upi uoshwe, upi usioshwe

Unaandaa tangi la samaki lenye mimea ya majini? Kabla hujashika ndoo, jua unachotaka kuosha ni nini. Mchanga wa mto, udongo wa shamba na zile punje za udongo uliookwa zinazouzwa kwenye mifuko kwa ajili ya mimea ya majini havisafishwi kwa njia moja. Ukiviosha vyote kwa mtindo mmoja utaishia na maji ya tope, au na mfuko wa bei mbaya uliogeuka uji.

Mchanga huanza kwa kupimwa. Weka kijiko cha mchanga mkavu kwenye sahani, umwagie siki nyeupe. Ukiona vipovu, una chokaa: vipande vya makombe na matumbawe. Mchanga wa ufukweni Dar es Salaam au Mombasa mara nyingi hutoa povu, na kokoto za mawe ya matumbawe vilevile. Chokaa hiyo haitoki kwa kuoshwa. Itayeyuka polepole ndani ya tangi, maji yawe magumu (yenye madini mengi) na pH ipande (kipimo cha asidi: kikipanda, asidi imepungua), wakati mimea mingi ya tangi hupenda maji laini kidogo. Usiutupe lakini; mpe mwenzako anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao maji magumu ndiyo kwao.

Punje nzuri ni za milimita 1 hadi 3. Zikiwa laini kuliko hapo hushikamana na mizizi ikakosa hewa. Zikizidi milimita 5, mabaki ya chakula huzama katikati yake yakaozea huko. Chekecha kwa wavu wa dirishani wa kuzuia mbu: kinachopita ni laini mno, kinachobaki juu ndicho chako. Ondoa vioo, misumari na mawe. Mchanga uliokuwa jirani na saruji uache hukohuko, maana saruji nayo hupandisha pH.

Kiasi hukokotolewa kirahisi. Tangi la sentimita 60 kwa 30, kwa kina cha wastani cha sentimita 6 (mbele 4, nyuma 8), linataka lita 10.8. Lita moja ya mchanga mkavu ina kama kilo 1.5, kwa hiyo unahitaji karibu kilo 16. Andaa 20, kwa sababu vumbi litaondoka na sehemu yake.

Kwenye kuosha ndipo wengi hukosea. Jaza theluthi tu ya ndoo ya lita 20. Ingiza mpira wa maji hadi chini kabisa, fungua, na uchote mchanga kwa mkono kutoka chini kwenda juu. Kisha mwaga yale maji yakiwa bado yanazunguka. Punje hutua ndani ya sekunde chache huku vumbi likielea. Ukienda kupokea simu kwanza, vumbi nalo litakuwa limetua na umefanya kazi bure. Rudia, hata mara 10 au 15. Kupima, tia konzi moja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri nusu dakika: ukiweza kusoma maandishi ya gazeti kupitia maji hayo, inatosha. Ukungu kidogo utakaobaki utanaswa na sifongo la filta. Sabuni marufuku. Na usimwage kwenye sinki, utaziba bomba.

Mchanga uliotoka tangi jingine lenye konokono, uchemshe ndani ya maji kwa dakika 15. Usikaange mawe makavu motoni. Unyevu uliojificha ndani unaweza kuyapasua.

Zile punje za udongo uliookwa hazioshwi. Zimimine kavu, weka sahani juu yake, elekeza maji kwenye sahani taratibu. Nyingi hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, kwa wiki kadhaa za mwanzo, kwa hiyo badilisha nusu ya maji mara kwa mara, na samaki wasubiri mpaka amonia na naitraiti (sumu nyingine inayotokana na amonia) zote zisome sifuri ukipima maji.

Udongo wa shamba usiwe na samadi wala mbolea. Uloweke, ondoa majani na mizizi inayoelea, mwaga maji, anika juu ya turubai, chekecha. Zungusha hivyo mara 3 au 4. Tandaza sentimita 2 tu, ufunike kwa sentimita 3 za mchanga uliooshwa. Wengi huongeza udongo wakidhani mimea itashiba zaidi, kumbe huko chini oksijeni inaisha na kinachotoka ni gesi yenye harufu ya yai viza.

Tangi likishakomaa, usafi hubadilika. Bakteria wanaomeng'enya amonia wamekwishajenga makao kwenye mchanga, kwa hiyo usiutoe wote ukauosha kwa maji ya bomba yenye klorini. Amonia itapanda na samaki watahema juu juu. Nyonya uchafu kwa mpira ulioinuliwa kama sentimita 1 juu ya mchanga, theluthi moja ya sakafu kila unapobadilisha maji. Penye mizizi mingi ya mimea kama valisneria au kriptokorini usichimbe kabisa. Uchafu ule ndio chakula cha mimea hiyo. Ukitaka kuhamisha mmea, kata mizizi kwa mkasi pembeni kwanza, maana ukiung'oa kwa nguvu udongo wa chini unapanda wote juu na tangi linakuwa chai ya maziwa.