Ukitaka kuendesha foklifti, anza na kibati

Wanafunzi wengi ninaowafundisha kuendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, huja na haraka ileile: wapande, wawashe, wanyanyue. Kila anayekuja namwambia asubiri, kwanza asome kibati kilichobandikwa karibu na kiti, kinachoonyesha mzigo ambao mashine inaweza kunyanyua.

Tuseme kimeandikwa kilo 2,500, milimita 500. Wengi huishika ile ya kwanza na kuiacha ya pili, na hapo ndipo hatari ilipo. Hizo milimita 500 ni umbali kutoka kwenye kitako cha uma (vile vyuma viwili vya mbele vinavyobeba mzigo) mpaka katikati ya uzito wa mzigo. Kreti lenye kina cha milimita 1,600, kama uzito wake umesambaa sawasawa, katikati yake ni milimita 800. Kwa hiyo hata likiwa na kilo 2,500 kamili, mashine hiyo hailiwezi. Foklifti hukaa kama pembea ya ubao: magurudumu ya mbele ndiyo egemeo, mzigo upande mmoja, uzito wa nyuma upande wa pili. Mzigo ukizidi, magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi, na kwa kuwa hayo ndiyo yanayokata kona, usukani nao haukutii tena.

Kupinduka ubavuni ni jambo lingine, na mara nyingi chanzo ni kukata kona kwa kasi huku mzigo uko juu. Tembea na uma zikiwa sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, mlingoti, ile nguzo inayopandisha uma, umeinamia nyuma kidogo. Na funga mkanda, tafadhali. Mashine ikianza kulala, mwili wako utakuambia uruke. Usiruke! Anayeruka mara nyingi huangukiwa na lile paa la chuma lililowekwa kumlinda. Baki kitini, shika usukani kwa nguvu, kaza miguu, egemea upande usioangukia. Hili nawarudisha wanafunzi walifanye kwa vitendo, mashine ikiwa imezimwa, mpaka lizoeleke.

Kwenye mteremko, ukiwa na mzigo, mzigo uelekee juu, iwe unapanda au unashuka. Maana yake unashuka kinyumenyume. Bila mzigo, uma zielekee chini. Usigeuze katikati ya rampu kamwe.

Ukaguzi wa kabla ya zamu hauchukui muda: matairi, breki, honi, oili inayovuja, nyufa kwenye kona ya uma, minyororo (usiipapase kwa vidole). Ukikuta kasoro, toa funguo na utoe taarifa.

Wanaotembea kwa miguu ndio wanaonitia hofu zaidi, kwa sababu nyuma ya foklifti hufagia upana mkubwa kila unapokata kona. Mtu akikatiza, simama mpaka mtazamane macho. Asipite mtu chini ya uma zilizoinuliwa, hata kama hazina kitu.

Unapotafuta mafunzo, uliza kama utaendesha ukiwa na mzigo halisi na kupandishwa rampu. Wakikuambia cheti kinatoka kwa darasa la ubaoni peke yake, tafuta pengine.