Fundi anakudai, nawe unamdai

Nilimwaga jagi la maji kwenye sakafu ya bafu, nikasimama mlangoni kungoja. Maji yalitulia kidogo, kisha yakalipa kisogo shimo la kutolea maji na kuja taratibu kunilowesha miguu. Vigae vipya vinang'aa, lakini mteremko umeelekea chumba cha kulala.

Siku hiyohiyo mkandarasi alikuwa amenitumia ujumbe akidai salio lake la shilingi 50,000, na juu yake 28,000 za kazi ya ziada.

Nyumba yetu iko Kiamunyi, hapa Nakuru. Tulipatana 240,000, kazi na vifaa, kukarabati jikoni na bafu. Nilikuwa nimeshalipa 190,000, na kabati mbili bado hazina milango. Niliacha pesa zitangulie kazi. Lipa hatua iliyokwisha na uliyoikagua mwenyewe, tena salio la mwisho liwe la kumfanya mtu arudi.

Wiki mbili tukagombana kwa simu, bure kabisa. Jirani akanishauri nifungie stoo mashine ya mkandarasi ya kukata vigae mpaka anirudishie pesa. Nilitamani, sitadanganya. Lakini ukizuia mali ya mtu, wewe ndiwe utakayeitiwa polisi. Nikampa mashine yake, akatia sahihi kwamba ameichukua. Nawe usikimbilie polisi kwa sababu ya ubishi wa malipo. Watakwambia hiyo ni kesi ya madai.

Nikaketi kupanga ushahidi: taarifa ya M-Pesa, risiti za hadiwea, picha, na jumbe zetu za WhatsApp tangu mwanzo. Malipo mawili nilikuwa nimeyatuma kwa namba ya mtu mwingine kwa sababu mkandarasi aliniambia hivyo kwa mdomo. Bila risiti za hadiwea, hizo ningezihesabu zimepotea.

Na humo kwenye jumbe nikajikuta mimi mwenyewe: "Fundi, hiyo sinki isongeze karibu na dirisha, tutaongea." Tutaongea! Hatukuongea kamwe. Kusongeza sinki ni kuchimba ukuta, kununua mabomba na kupiga plasta upya. Alikuwa ananidai kweli, na mimi wiki mbili nilikuwa nikimwita mwizi.

Nilimwandikia barua ya ukurasa mmoja, bila matusi. Nikataja kasoro, nikakubali deni la sinki, nikampa siku 14 aje tukague pamoja, la sivyo nitaenda Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Wakili si lazima. Nadhani hicho cha mwisho ndicho kilichomgusa, maana kesho yake alipiga simu: "Mama, kwani tumefika huko?"

Nikamtafuta fundi mwingine, mzee mmoja wa mtaa wa Free Area asiyemjua yeyote kati yetu. Nilimlipa 1,500 za kukagua tu, na nikamwambia mapema kwamba kazi ya kurekebisha hatapewa yeye. Usipofanya hivyo, kila kitu atakachokiona kitakuwa kibovu.

Mzee alitoa sarafu ya shilingi ishirini mfukoni, akapiga magoti, akagonga kigae kimoja kimoja. Vingine viliitika kwa sauti nzito, vingine vililia kama debe tupu, maana chini hakukuwa na saruji ya kutosha. Mkandarasi aliinama akasikiliza. Mimi alikuwa amenibishia wiki mbili, sarafu hakuibishia.

Hesabu tuliifanya juu ya meza ya jikoni. Salio 50,000, sinki tukakubaliana 18,000 badala ya 28,000, tukatoa 31,000 za kubomoa na kuweka upya sakafu ya bafu, kazi ambayo ningempa mtu mwingine. Ikabaki 37,000. Tuliandika kwamba kiasi hicho kinamaliza madai yote ya pande mbili, tukatia sahihi, mzee akawa shahidi. Nililipa 20,000 siku hiyo. Nyingine nilizibakiza mpaka milango ya kabati ifungwe.

Alikuja Jumamosi na bisibisi yake. Mlango wa pili ulipokaa sawa nilimtumia 17,000 akiwa bado amesimama jikoni, kwa namba yake mwenyewe.