Kufungua gari kwa uso: bado usifunge

Kaka, umeuliza kama umruhusu fundi wa hapa Moshi afunge kamera ya kutambua uso kwenye Noah yako, ili wewe na shemeji mfungue milango bila funguo. Mimi nasema bado usifunge.

Teknolojia ipo kweli. Genesis GV60, gari la umeme la Korea Kusini lililozinduliwa 2021, lina kamera kwenye nguzo iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Inatumia mwanga wa infraredi, kwa hiyo inakutambua hata gizani, na inasajili nyuso mbili. Lakini ile ilibuniwa pamoja na gari lenyewe. Kifaa cha kubandika ni habari nyingine kabisa: kamera ya kawaida inaweza kudanganywa kwa picha yako tu, na picha zetu zimejaa mitandaoni. Mwambie fundi aijaribu mbele yako kwa picha iliyo kwenye simu. Mlango ukifunguka, ondoka.

Halafu vumbi. Lenzi ikifunikwa haioni. Na betri ikiisha? Usikubali kamwe tundu la ufunguo liondolewe! Uliza pia sura zenu zinahifadhiwa wapi, ndani ya kifaa au kwenye seva ya mtu msiyemjua, maana uso huwezi kuubadilisha kama nywila.

Kwa pesa hiyo ningeweka loki ya rimoti na swichi ya siri ya kukata pampu ya mafuta gari likiwa limeegeshwa. Funguo za akiba chonga mbili, mmoja akae nao shemeji.