Usitoboe kichupa kabla maswali hayajaisha

Wadogo zangu mnaomaliza uuguzi na kupangiwa vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Mtanga na Mwamgongo hadi Kagunga mpakani na Burundi: iko siku mlipuko mwingine utakuja, nanyi mtapanda boti na boksi la chanjo. Mimi nilichanja huko kipindi cha UVIKO-19.

Kabla ya kupanga safari, angalieni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wako nyumbani na wana muda wa kusikiliza. Ukienda siku za giza utakuta wanaume wamelala fofofo na kina mama wako kwenye kuanika. Hakuna atakayeacha dagaa wake akufuate wewe.

Kazi yenyewe ni maswali. Chanjo za kwanza zilitua nchini Julai 2021, zaidi ya dozi milioni 1 za Janssen (chanjo ya Johnson & Johnson), na tarehe 28 Rais Samia akachanjwa hadharani. Uvumi ulikuwa umefika vijijini kabla yetu. Kila mahali waliuliza: mbona imetengenezwa upesi hivi? Usimjibu mzee wa watu kwamba wataalamu wamethibitisha. Hapo umemfunga mdomo tu. Mweleze ilivyokuwa. Vinasaba vya kirusi vilijulikana Januari 2020. Njia ya kuitengeneza Janssen ilikuwapo tayari, ilishatumika kwenye chanjo ya Ebola (na Ebola mtu wa Kigoma hasimuliwi, Kongo iko hapo ng'ambo). Kilichofupishwa ni kusubiriana: viwanda vilianza kuzalisha kabla majibu ya majaribio hayajatoka, na kama yangekuwa mabaya, mzigo wote ungemwagwa. Majaribio hayakurukwa. Watu wapatao 44,000 walishiriki, wakiwemo wa Afrika Kusini.

La damu kuganda msilikwepe. Aprili 2021 Marekani waliisimamisha Janssen baada ya wanawake 6 kupata tatizo hilo kwa namna isiyo ya kawaida, kati ya dozi karibu milioni 7. Wakachunguza, wakaongeza onyo, wakairuhusu tena. Mimi nilikuwa nalisema mwenyewe kabla sijaulizwa. Wapo wenzangu walioona nawatisha watu. Sikubaliani nao hadi leo: aliyelisikia kwangu hashtuki akilisikia kwa jirani.

Maudhi madogo madogo ni hivyo hivyo. Mwambie mtu atapata homa, kichwa kitamgonga, mkono utauma siku moja au mbili. Usipomwambia, akiamka hawezi kwenda ziwani, mpaka jioni kijiji kizima kitakuwa na habari yake. Mwambie na lile la kutovumilia: kichwa kikali kisichoisha, kifua kubana au mguu kuvimba katika wiki zinazofuata, aende zahanati na aseme kwamba alichanjwa.

Kichupa cha Janssen kilikuwa na dozi 5, na ukishakitoboa una saa 6 tu, kikikaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kwa hiyo usikitoboe kwa ajili ya mwenyekiti wa kijiji peke yake ili mpige picha. Watimie watano wamekaa kwenye benchi, wameridhika, ndipo utoboe. Pakiti za barafu usizipange zikiwa zimetoka friza sasa hivi. Ziache zitoke jasho hadi ukizitikisa usikie maji ndani, kwani zipo chanjo nyingi ambazo kuganda kunaziharibu kabisa. Ndani ya boti boksi likae kivulini, mbali na injini, na mtu asilikalie. Abiria wanapenda sana kulikalia.

Kila aliyechanjwa asubiri dakika 15 mbele ya macho yako. Hapo ndipo mwenye boti huanza kulalamikia upepo. Elewaneni naye mapema, kabla hamjaondoka bandari ya Kibirizi pale Kigoma mjini, kwamba hawashi injini mpaka wa mwisho amalize dakika zake, na pesa ya mafuta ya kurudi apewe mkononi kabisa.